Mfuko wa kulalia mlimani: namba ya kuamini na namba ya kuogopa

TYSELEY, BIRMINGHAM – Ujumbe ulitufikia asubuhi moja ya mwezi wa Julai, tukiwa tunakunywa chai na madirisha yote yako wazi kwa sababu ya joto. Uliandikwa hivi: "Shikamoo mjomba. Mfuko ulifika salama na ni mzuri sana kwa macho. Ila juzi usiku pale Barafu sikulala. Nimetetemeka mpaka kumekucha."

Aliyeandika ni mpwa wetu, mtoto wa dada yetu, ambaye ni mpagazi katika Mlima Kilimanjaro. Barafu anayoitaja ni jina la kambi, nayo iko zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari. Ndipo wageni wengi wanaopita njia ya Machame au Lemosho hulala saa chache kabla ya kuamshwa usiku wa manane kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895. Na mfuko anaoutaja ni mfuko wa kulalia ambao tulimnunulia sisi wenyewe, kwa pauni 25, katika duka moja la mjini Birmingham. Juu ya mfuko huo palikuwa na tarakimu kubwa nyekundu: nyuzi 10 chini ya sifuri.

Tulimuuliza baridi ya usiku ule ilifika wapi. Akajibu kwamba kipimajoto cha kiongozi wao kilionyesha nyuzi 7 chini ya sifuri. Kwa hesabu ya kawaida basi mfuko ulipaswa kumtosha na kubaki. Mbona kijana mwenye nguvu zake, aliyezoea mlima, akeshe akitetemeka?

Wasomaji wapenzi, makala haya ni majibu ya swali hilo. Tumeyaandika kwa sababu tunajua hatuko peke yetu. Kila mwaka ndugu zetu walioko Ulaya, Marekani na Ghuba huombwa na jamaa nyumbani watume vifaa vya mlimani, na kila mwaka vijana wetu waliozaliwa huku hufunga safari kwenda kupanda Kilimanjaro au Mlima Kenya. Wote hao huingia dukani na kukutana na tarakimu zilezile zilizotudanganya sisi.

Lebo yenye namba tatu

Tulimwomba mpwa wetu apige picha lebo ndogo iliyoshonwa ndani ya mfuko, karibu na zipu. Picha ilipofika ndipo tukaona aibu. Sisi ambao kazi yetu kwa miaka mingi imekuwa kusoma nyaraka na kuwaambia watu wasome maandishi madogo, tulikuwa tumesoma yale makubwa tu.

Lebo ile ilikuwa na namba tatu. Ya kwanza ilikuwa nyuzi 7 juu ya sifuri. Ya pili nyuzi 3 juu ya sifuri. Ya tatu ndiyo ile nyuzi 10 chini ya sifuri, ambayo muuzaji aliamua kuipeleka mbele ya mfuko kwa wino mwekundu.

Namba hizi zina historia. Zamani kila kiwanda kilijipimia mifuko yake kilivyopenda. Mwaka 2002 nchi za Ulaya zilitoa kipimo kimoja kinachojulikana kama EN 13537, na mwaka 2016 kikachukuliwa nafasi na kipimo cha kimataifa kinachoitwa ISO 23537. Upimaji hufanywa kwa sanamu ya umbo la binadamu inayopashwa joto kwa umeme. Sanamu huvishwa nguo za ndani za mikono mirefu na soksi, hulazwa ndani ya mfuko juu ya godoro jembamba, katika chumba chenye baridi. Wataalamu hupima ni joto kiasi gani linaiponyoka.

Kutokana na vipimo hivyo hupatikana viwango vitatu. Cha kwanza huandikwa kwenye lebo kwa neno Comfort, yaani starehe. Hapo mwanamke wa kawaida, ambaye kipimo kinamhesabu kuwa na kilo 60 na urefu wa mita 1.60, anaweza kulala amejinyoosha bila kusumbuliwa na baridi. Cha pili ni Limit, yaani kikomo. Hapo mwanamume wa kawaida, wa kilo 73 na mita 1.73, anaweza kulala saa nane bila kuamka, lakini akiwa amejikunja.

Cha tatu ni Extreme, yaani kupindukia. Hiki si kiwango cha kulala. Maana yake ni kwamba mwanamke yule wa kilo 60 anaweza kukaa humo saa sita bila kufa kwa baridi. Atatetemeka, na anaweza hata kuganda vidole, lakini inatarajiwa atakuwa hai. Namba hiyo ndiyo tuliyomnunulia mpwa wetu. Tulidhani tumemtumia usingizi, kumbe tulimtumia namna ya kutokufa.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni fupi: tafuta lebo ndogo, soma namba ya kwanza, na uilinganishe na baridi unayoitarajia. Namba ya tatu isahau kabisa unapochagua. Kama mfuko hauna lebo yenye namba zote tatu bali una tarakimu moja tu kubwa, ichukulie kuwa ni ile ya tatu, maana muuzaji mwenye namba nzuri ya kwanza hana sababu ya kuificha.

Mtu atajuaje baridi ya kutarajia? Kuna hesabu rahisi. Kwa wastani, kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hadi 7. Chukua usiku wa Julai mjini Moshi, ambako joto ni nyuzi 17. Kutoka Moshi hadi kambi ya Barafu unapanda karibu mita 3,800. Toa nyuzi 25, unabaki na nyuzi 8 chini ya sifuri. Kipimajoto cha kiongozi wa mpwa wetu kilisema 7. Hesabu haikukosea sana. Ongeza upepo, na kumbuka kwamba usiku wa anga safi bila mawingu huwa na baridi kali zaidi, basi mtu anayelala kwenye hema Barafu anahitaji mfuko ambao namba yake ya kwanza ni karibu nyuzi 10 chini ya sifuri. Mtu wa damu moto anaweza kushuka hadi nyuzi 5 chini ya sifuri, akiongezea nguo kavu. Chini ya hapo ni kubahatisha.

Mfuko haupashi joto

Watu wengi, na sisi tulikuwa miongoni mwao, hudhani mfuko wa kulalia ni kama jiko. Sivyo. Mfuko ni kama chupa ya chai. Ukitia chai ya moto utaikuta ya moto, ukitia maji baridi utayakuta baridi vilevile. Joto lote linatoka mwilini mwa anayelala. Kazi ya mfuko ni kulizuia lisitoke, na kinachozuia ni hewa iliyotulia katikati ya manyoya au nyuzi. Ndiyo maana mfuko mnene uliovimba una joto kuliko ule uliolala bapa.

Hapa Tyseley kuna karakana ya zamani ya reli ambayo mpaka leo hutunza treni za mvuke. Kampuni ya reli ya Great Western ilifungua bohari yake hapa mwaka 1908, na bado kuna siku utasikia honi ya treni ya mvuke inayoelekea Stratford. Treni hizo zinatupa mfano mzuri. Boila hufunikwa kwa tabaka la kuzuia joto lisipotee, na bado mafundi hawaachi kutia makaa. Tabaka bila makaa ni kazi bure. Ndivyo ilivyo mlimani: mtu aliyelala na njaa ndani ya mfuko wa bei kubwa atatetemeka, kwa sababu moto wake umezimika. Na huko juu hamu ya chakula hupungua, kwa hiyo inabidi mtu ajilazimishe kula. Uji wenye sukari na siagi ya karanga kabla ya kulala ni sehemu ya mfuko wa kulalia.

Mambo mengine madogo yana faida kubwa. Badilisha nguo zilizoloa jasho kabla ya kuingia, maana nguo mbichi hunyonya joto. Vaa kofia na soksi kavu. Nenda haja ndogo hata kama ni uvivu kutoka nje. Jaza chupa isiyovuja maji ya moto, ivishe soksi, uiweke kati ya mapaja. Usifunike pua na mdomo ndani ya mfuko, kwa sababu pumzi ina unyevu na unyevu huo huishia kwenye manyoya. Vuta ile kofia ya mfuko mpaka ibaki nafasi ya pua tu.

Umbo nalo lina maana. Mifuko ya baridi kali imebana miguuni na kupanuka mabegani, mfano wa maiti za Misri ya kale zilizoviringishwa sanda. Wengine hawapendi, wanaona kama kaburi. Lakini mfuko mpana una hewa nyingi ya bure ambayo mwili lazima uipashe joto. Mfuko mfupi nao ni tatizo, kwani miguu itaubana mwisho na hapo hakutakuwa na hewa ya kuzuia baridi. Pima urefu wako kwanza. Angalia pia kama nyuma ya zipu kuna utepe mnene ulioshonwa kwa urefu wote. Usipokuwepo, zipu ni kama dirisha lililoachwa wazi.

Manyoya ya bata au nyuzi za kiwandani?

Kuna aina mbili za vijazo. Ya kwanza ni manyoya laini ya kifuani ya bata au bata bukini. Ni mepesi, hufungika yakawa madogo, na kwa uzito uleule hutoa joto kuliko kitu kingine. Ubora wake hupimwa kwa namba ya kuumuka, kuanzia kama 500 hadi 800 na zaidi. Namba hiyo inasema aunsi moja ya manyoya inajaza inchi ngapi za ujazo. Kadiri namba inavyopanda ndivyo manyoya machache yanavyotosha, na ndivyo bei inavyopanda. Ubaya wake ni maji. Manyoya yakiloa hugandamana, hewa hutoka, na mfuko wa mamia ya pauni huwa tambara.

Aina ya pili ni nyuzi za poliesta. Ni nzito zaidi na hufungika kwa shida, lakini zikiloa huendelea kutunza sehemu ya joto, hukauka upesi, na bei yake ni nafuu.

Ipi bora? Inategemea mlima na inategemea nani anabeba. Katika Milima ya Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, mvua hunyesha karibu mwaka mzima na matope hufika magotini. Ndugu zetu wa Kasese na wa Mutwanga wachague poliesta, au wafunge manyoya katika mfuko usiopitisha maji hata tone. Kilimanjaro na Mlima Kenya katika miezi ya ukame, yaani Januari na Februari na tena Juni hadi Oktoba, manyoya yanafaa sana. Katika masika ya Machi hadi Mei, hata huko hali hubadilika.

Suala la nani anabeba ni zito kuliko linavyoonekana. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro imeweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo ambao mpagazi anabeba wa kampuni. Vitu vyake binafsi viko juu ya hizo. Mfuko wa kilo 3 unambebesha kilo 3 zaidi kwa siku sita au saba. Tulipomuuliza mpwa wetu kwa nini wenzake wengi hupanda na blanketi moja tu, alitujibu, "Mjomba, kila kilo yako unailipa kwa magoti." Wapagazi wa Kilimanjaro hujiita wagumu. Jina hilo wanajivunia nalo, ila tunahofia kwamba wengine hulitumia kama kisingizio cha kutowapa vifaa.

Usiku mmoja uani Tyseley

Tuliamua kutokosea mara ya pili. Tulitafuta mfuko wa mitumba kutoka kwa mzee mmoja Mwingereza aliyeacha kupanda milima kwa sababu ya goti. Ulikuwa wa manyoya, uzito kilo moja na nusu, na kwenye lebo namba ya kwanza ilisomeka nyuzi 9 chini ya sifuri. Tulilipa pauni 60. Kabla ya kuutuma tukasema safari hii tutaujaribu wenyewe.

Ilikuwa Januari. Usiku huo kipimajoto cha uani kwetu kilisoma nyuzi 3 chini ya sifuri na magari barabarani yalikuwa meupe kwa barafu. Tulitandika mfuko moja kwa moja juu ya saruji, tukaingia, tukafunga zipu. Kwa juu tulikuwa kama tuko Tanga. Kwa chini, baada ya nusu saa, mgongo na nyonga zilianza kuuma kwa baridi.

Jirani yetu, mzee wa Kipakistani ambaye huamka mapema kwa ajili ya swala, alifungua dirisha akatuuliza kwa upole kama mama watoto ametufungia nje. Ilibidi tumweleze habari za Kilimanjaro saa kumi na moja alfajiri. Alitutazama, akasema kwao Kashmir mtu akilala nje huanza kutandika nyasi kavu, ndipo afikirie cha kujifunika.

Mzee yule alisema kweli. Mfuko unapolaliwa, manyoya ya chini hubanwa na uzito wa mwili, hewa hutoka na kinga hupotea. Ardhi nayo hunyonya joto bila kuchoka. Usiku uliofuata tulitandika godoro jembamba la sponji ngumu, lile lisilonyonya maji, na tukalala mpaka asubuhi.

Kwa hiyo kanuni ya pili: godoro ni nusu ya mfuko. Magodoro ya siku hizi huandikwa thamani ya R, nayo kubwa ni bora. La sponji ya kawaida huwa na karibu 2. Kwa ardhi iliyoganda inafaa kufika 4 au zaidi. Habari njema ni kwamba thamani hizo hujumlishwa. Magodoro mawili ya 2 yakipandana yanatoa 4, na magodoro ya sponji ni rahisi, mepesi, hayatoboki. Mwenye pauni 70 anafanya vyema kununua mfuko wa 50 na magodoro mawili, kuliko mfuko wa 70 na kulala juu ya mawe.

Ukinunua mtumba

Wasomaji wetu walioko nyumbani wengi hawatanunua mifuko mipya. Watakwenda soko la Memorial pale Moshi au masoko mengine ya mitumba, au watakodi kwenye maduka ya vifaa vya mlimani. Hakuna ubaya. Mfuko mzuri uliotumika unashinda mfuko mpya wa bei poa. Ila kagua.

Kwanza, ukung'ute, uache dakika kumi, kisha utazame umevimba kiasi gani. Ukibaki bapa kama shuka, manyoya yamekufa. Pili, uinue dhidi ya jua. Palipo na mwanga mwingi hapana kijazo. Tatu, minya kwa vidole: vidonge vigumu ni dalili ya kufuliwa vibaya. Nne, nusa. Harufu ya ukungu haitoki. Tano, fungua na kufunga zipu mara tano, kwa sababu zipu iliyokatika saa sita usiku haina fundi. Sita, tafuta lebo. Kama imekatwa, amini macho yako na si maneno ya muuzaji.

Ukiupata, utunze. Ufue mara chache, kwa sabuni laini isiyo kali, uukaushe taratibu huku ukiachanisha manyoya kwa mkono. Ukirudi kutoka mlimani uanike kivulini penye upepo. Usiuhifadhi umekazwa ndani ya kimfuko chake kwa miezi, kwani manyoya yaliyobanwa muda mrefu husahau kuvimba. Utundike, au uuweke katika gunia kubwa la kitambaa.

Walionunua mfuko dhaifu kama sisi wasiutupe. Mfuko mmoja ukiingizwa ndani ya mwingine huongeza joto, mradi wa nje uwe mpana kiasi cha kutoubana wa ndani. Blanketi la sufi likitandikwa juu nalo husaidia. Nguo nyingi zilizobana ndani ya mfuko hazisaidii kama watu wanavyodhani.

Wanaokwenda kupanda wawakumbuke wanaobaki

Tulipoanza kutafuta habari hizi, tulishangaa kuona matangazo mengi ya mifuko ya baridi yanawalenga wawindaji wa milimani, watu wanaokwea wakitoka jasho na kisha kulala kimya wakimvizia mnyama. Ushauri wanaopewa ni sahihi. Lakini kwetu Afrika Mashariki wanaolala kwenye baridi ya milima si wawindaji. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na juu ya Kilimanjaro hakuna anayepanda na bunduki isipokuwa askari wa hifadhi. Wanaolala huko ni wageni, waongozaji, wapishi na, wengi kuliko wote, wapagazi.

Mgeni hulala Barafu saa nne au tano, kisha huamshwa kwenda kileleni. Wapagazi wengi hawaendi kileleni. Hubaki kambini usiku kucha kuwasubiri. Kwa maneno mengine, mtu mwenye mfuko bora hulala saa chache, na mwenye blanketi hulala usiku mzima. Mara nyingi wapagazi hulala katika hema la kulia chakula, na hawawezi kujilaza mpaka wageni wamalize kula na kuzungumza.

Kila mwaka ifikapo tarehe 9 Desemba tunakumbuka jinsi Luteni Alexander Nyirenda alivyopeleka mwenge na bendera kileleni usiku wa uhuru wa Tanganyika mwaka 1961. Ni haki kukumbuka. Lakini mlima ule umepandwa kwa migongo ya watu ambao majina yao hayamo vitabuni, tangu Hans Meyer alipofika kileleni mwaka 1889 akisaidiwa na wenyeji, mpaka leo.

Kuna wanaojaribu kurekebisha mambo. Mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, unaojulikana kwa herufi KPAP, ulianzishwa mwaka 2003 na una ofisi Moshi. Huwaazima wapagazi nguo na vifaa vya baridi bila malipo, na hufuatilia jinsi kampuni zinavyowatendea. Msomaji anayejiandaa kupanda anaweza kufanya mambo matatu. Aulize kampuni, kabla ya kulipa, wapagazi wake watalala wapi na juu ya nini. Akifika mlimani, amalize kula mapema ili hema liachwe. Na akishuka, kama hatautumia tena mfuko wake, auache Moshi badala ya kuurudisha darini kwake Leicester au Minneapolis.

Historia ya kitu chenyewe inaonyesha kwamba tangu zamani kimetumiwa na watu wa kazi. Mwaka 1876, mfanyabiashara Pryce Pryce-Jones wa mji wa Newtown huko Wales, ambako treni kutoka Birmingham hufika bila kubadilisha, alisajili hati ya blanketi la sufi la kujifunga lenye mto wa kujaza upepo, lililoitwa Euklisia. Aliuza maelfu kwa jeshi la Urusi kwa vita vyake na Waturuki vya mwaka 1877. Maelfu hayo yalikwenda kwa askari wa kawaida aliyelala ardhini kwa sababu ametumwa.

Mfuko wa pili ulisafiri Februari ndani ya sanduku la msafiri mmoja aliyekuwa anakwenda Arusha. Sisi wenyewe nyumbani hatujafika kwa miaka kadhaa, na wasomaji wetu wa siku nyingi wanajua sababu. Mpwa wetu alikuwa mtoto wa shule ya msingi mara ya mwisho tulipomwona. Tulifunga pamoja na mfuko karatasi yenye mwandiko wa mkono: namba ya kwanza ni ipi, magodoro mawili na si moja, kula kabla ya kulala.

Alipanda nao Juni. Siku aliyoteremka lango la Mweka alituandikia, "Shikamoo mjomba. Barafu nimelala mpaka mpishi akanipiga teke niamke." Tukamjibu marahaba, tukamuuliza ule mfuko wa kwanza aliufanyia nini. Alisema amempa kijana mgeni wa kazi, aliyepanda kwa mara ya kwanza na khanga ya mama yake. Amemwambia autumie kambi za chini, na wakifika Barafu waufunike kwa blanketi. Na lile tarakimu kubwa jekundu amelifuta kwa kalamu ya wino mweusi, ili kijana asije akaliamini.